Nilimvuta mwanangu mkono kiwiko kikateguka, nami nikamwambia nesi ameanguka

MamaBabu_Coventry, Jumamosi saa 4:50 usiku

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu hamjambo. Naandika nikiwa jikoni, mtoto amelala, baba yake yuko kazini. Jambo hili ninalo rohoni tangu Alhamisi na sijapata wa kumweleza lote.

Mwanangu ana miaka miwili na miezi minne. Ana jina la marehemu baba yangu, kwa hiyo nyumbani tunamwita Babu. Tuko Coventry tangu mwisho wa 2023. Mimi ndiye niliyepata kazi ya kuhudumia wazee, tukaja wote watatu, yeye akiwa wa miezi mitano, kabla ya Machi 2024 walipozuia wahudumu wapya kuja na familia. Mume wangu yuko ghalani, shifti ya usiku. Mimi natoka nyumbani saa moja na nusu asubuhi, yeye anaingia saa mbili na robo. Siku nyingine tunapungiana mikono, mimi ndani ya basi, yeye kituoni.

Alhamisi ilikuwa mvua. Babu alivaa viatu vyake vya mpira, akaona dimbwi kando ya njia panda, akataka kuruka ndani. Taa yetu ya kuvukia ilikuwa imeshawaka na basi nalionea kule linakuja. Nikamwita mara ya kwanza. Nikamwita mara ya pili. Mara ya tatu sikumwita, nilimvuta. Nilikuwa nimemshika mkono wa kushoto. Yeye akajitupa chini kugoma, mimi nikavuta juu. Nikahisi kitu kimecheza ndani ya mkono wake, kidogo tu, kama kifungo cha shati kinavyoingia tunduni. Kisha akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake.

Kilio kilipopungua, mkono ukawa hausogei. Ameuweka ubavuni, umekunjwa kidogo, kiganja kimegeukia tumboni. Haukuvimba, haukuwa na alama yoyote. Nikampa biskuti kwa upande wa kushoto. Akapitisha mkono wa kulia mbele ya kifua chote akaichukua.

Nikapiga 111, namba ya simu ya ushauri wa afya huku. Wakauliza maswali yao, wakaniambia nimpeleke hospitali, dharura ya watoto. Na hapo ndipo nilipokosea mara ya pili. Nesi wa mapokezi, mama mpole kabisa, akaniuliza, "Imekuwaje?" Nikasema, "Ameanguka." Neno lilitoka kabla sijalipima. Kazini kwetu kila mwaka tunafundishwa jinsi ya kumtambua mtu anayeumizwa na anayemtunza. Fomu zile nazijua. Nikajiona ni mimi naandikwa ndani yake.

Nesi akamwinamia Babu, akamuuliza kwa Kiingereza. Babu Kiingereza chake bado cha chekechea, anachokijua sawasawa ni Kiswahili. Akaninyooshea kidole cha mkono mzima akasema, "Mama kavuta."

Nesi akanigeukia: anasemaje?

Nikamjibu: anasema mkono unauma.

Kwa kuwa nilisema ameanguka, ikabidi apigwe picha. Tukangoja, tukaingia, nikashikilia mkono ule ule uliokuwa unamuuma ili ukae juu ya meza ya mashine, naye ananiangalia. Picha ikatoka safi. Tukangoja tena. Ilikuwa imeshafika saa saba mchana daktari kijana alipokuja, akasoma karatasi, akaniuliza: "Alipoanguka, kuna mtu alikuwa amemshika mkono?" Nikasema ndiyo, mimi. Sikusema zaidi ya hapo. Akakipakata kiwiko kwa mkono mmoja, kwa mwingine akashika mkono chini, akageuza kiganja kielekee sakafuni. Kikalia, tik. Babu akapiga yowe moja. Haikupita robo saa, nesi akapuliza mapovu ya sabuni, na Babu akainua mikono yote miwili kuyapasua. Nikalia mimi.

Sasa ninachoomba ushauri. Jumatatu anarudi chekechea, na pale mtoto akiumia nyumbani mzazi anajaza fomu ya kueleza ameumiaje. Hospitali nao wamesema barua itakwenda kwa daktari wetu na kwa yule muuguzi anayetembelea watoto wadogo majumbani. Mume wangu anasema nishikilie hilo hilo la kuanguka, nisiwe na maneno mawili. Mama yangu Tanga nilimpigia, naye kaanza: mtoto hakukandwa vizuri alipozaliwa, ndiyo maana viungo vimelegea, nimpeleke Desemba, kuna bibi Ngamiani amchue na mafuta ya nazi, kisha nimwache kwake mpaka afike umri wa shule. Kila jioni ananiuliza nimeshakata tiketi.

Nikisema ukweli sasa, ustawi wa jamii watakuja mlangoni? Na nisiposema, nitamfundisha nini huyu mtoto aliyesema ukweli nami nikautafsiri uongo mbele yake?

---

Nesi_wa_Kisumu, Jumapili saa 1:15 asubuhi

Pole sana dada, na pole kwa Babu. Mimi ni muuguzi wa watoto, mwaka wa kumi na moja sasa katika dharura huku kaskazini mwa Uingereza. Nimetoka shifti sasa hivi, lakini siwezi kulala kabla sijakujibu.

Kwanza mkono. Kigasha, yaani mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, kina mifupa miwili. Ule ulio upande wa kidole gumba, kichwa chake pale kwenye kiwiko kimezungukwa na ukano kama pete. Kwa mtoto mdogo pete hiyo bado ni legelege, kwa hiyo mkono ukivutwa ghafla ukiwa umenyooka, mfupa unachomoka kidogo na ukano unabanwa katikati. Tunawaona hasa kati ya mwaka mmoja na minne, na kila wiki. Mwingine kavutwa asianguke kwenye ngazi, mwingine kanyanyuliwa kwa mkono mmoja kutoka beseni la kuogea, mwingine kavuliwa sweta tu. Wengine wamejibiringisha kitandani na mkono ukabaki chini ya mwili. Mwambie mama Tanga, kwa heshima zote, kwamba kukandwa hakuhusiki. Mafuta ya nazi hayana ubaya kwa ngozi, ila kiwiko kikiwa kimeteguka kisichuliwe na mtu. Wala usijaribu kukirudisha mwenyewe hata kama umemwona daktari akifanya. Kama kuna uvimbe, au kweli mtoto ameanguka, huenda mfupa umevunjika, na ukiuzungusha utamzidishia.

Kinaweza kutoka tena, nisikufiche. Kano zikikaza, akikaribia miaka mitano, jambo hili huwa linaisha lenyewe. Mpaka hapo anyanyuliwe kwa kwapa, na ule mchezo wa kumbembeza hewani baba huku na mama huku uachwe.

Sasa la pili. Maswali yale huulizwa kila mzazi: ilikuwa saa ngapi, nani aliona, ameumiaje. Na barua kwenda kwa daktari wa familia ni ya kila mtoto anayekuja dharura, hata aliyejitia shanga puani. Kumvuta mtoto barabarani kiwiko kikatoka ni hadithi tunayoijua, inalingana na jeraha. Kinachotufanya tusimame ni hadithi isiyolingana na jeraha, au inayobadilika kila anayeulizwa akiwa mwingine, au mtoto aliyekaa siku mbili bila kuletwa. Wewe ulikuja muda ule ule. Neno "ameanguka" ndilo lisilokaa sawa, na nadhani yule daktari aliliona, ndiyo maana akakuuliza swali lile. Mtoto wa kiwiko kilichovutwa kwa kawaida hata picha hatumpigi. Mzazi akisema "nilimvuta", tunakirudisha, tunangoja acheze, anaenda nyumbani.

Jumatatu piga simu kwa daktari wenu. Huombi wafute kitu, unaomba waongeze maelezo: nilikuwa na hofu nikasema ameanguka, ukweli nilimvuta mkono tukivuka barabara. Basi. Na fomu ya nasari uandike sentensi hiyo hiyo.

---

BabaWawili_Muscat, Jumapili saa 3:02 asubuhi

Dada, pole. Miye ni wa Unguja, niko Muscat mwaka wa tisa. Mwanangu wa kike alipokuwa na miaka mitatu nilikuwa nikimbembeza kwa mikono pale Mutrah, kwenye njia ya kando ya bahari, jioni, watu wamejaa. Yeye ndiye aliyekuwa akinambia "tena baba, tena". Mara ya nne akanyamaza. Akili yangu ilikwenda kwenye mkono umevunjika, nikakimbia naye mpaka kwenye teksi viatu vyangu nimevisahau kwenye benchi. Daktari alikuwa Mhindi mtu mzima, akaniuliza, "Ulimbembeza?" kabla hata sijafungua mdomo. Akakirudisha kwa muda wa kupiga chafya.

Nilimficha mke wangu. Nilisema kajigonga. Mwezi wa pili yeye akambembeza vile vile uani na dada yake, kwa kuwa hakujua, na kiwiko kikatoka tena. Hilo ndilo ninalojutia, la pili. Mwambie kila anayemshika mtoto.

---

Mzee_wa_Ilala, Jumapili saa 6:40 mchana

Binti yangu, nimekusoma mpaka mwisho. Nimekaa London miaka ishirini na sita, wanangu wote wamekulia hapa. Nitakwambia tofauti na wenzangu, na nakwambia kwa mapenzi.

Mtoto amepona. Karatasi imeshaandikwa ameanguka. Iache. Jirani yetu mmoja, dada wa nyumbani kabisa, alisema mwenyewe kwa moyo safi kwamba alimpiga mwanawe kofi la mkono. Walikuja mara mbili. Walikaa sebuleni, wakaomba kuona chumba anacholala mtoto, wakaongea naye peke yake, wakaondoka na jambo likafungwa. Mtoto hakuchukuliwa. Lakini yule dada kwa miezi alikuwa akisikia kengele ya mlango anasimama katikati ya chumba. Wewe una visa ya kazi, mume wako anategemea visa yako. Mtu mwenye nyumba ya kupanga na kibali cha kuhesabu miaka hafungui mlango ambao haujagongwa.

---

Nesi_wa_Kisumu, Jumapili saa 9:20 alasiri

Shikamoo mzee. Hofu hiyo naielewa, na dada huyo wa jirani yenu namwonea huruma kweli. Lakini kofi na hili si kitu kimoja. Sheria ya Watoto ya 1989, inayotumika hapa Uingereza, ili ustawi wa jamii waanze uchunguzi wa kumlinda mtoto inataka pawe na sababu ya kuhofia madhara makubwa. Kiwiko cha kuvutwa barabarani, mama aliyekimbia hospitali saa ile ile, hakifiki huko.

Na mlango, mzee, umeshagongwa. Babu mwenyewe amesema. Leo amesema "Mama kavuta" kwa Kiswahili hakuna aliyeelewa. Baada ya miezi sita atalisema kwa Kiingereza, chekechea, mbele ya mwalimu mwenye fomu inayosema ameanguka. Hapo ndipo pana shida. Afadhali mama alitangulie.

---

Mzee_wa_Ilala, Jumapili saa 10:05 alasiri

Marahaba mwanangu. Hilo la mtoto kulisema baadaye sikuliwaza. Basi aandike.

---

Mgeni_Reading, Jumapili saa 2:30 usiku

Samahani kwa kuingilia. Nina mtoto wa mwaka mmoja, tumefika mwezi wa saba. Hospitali walikutoza shilingi ngapi, maana yake pauni? Mimi naogopa hata kupiga hiyo 111.

---

Nesi_wa_Kisumu, Jumapili saa 2:55 usiku

Piga bila hofu, kupiga ni bure, na ukisema lugha yako wanaweza kukuunganisha na mkalimani. Kutibiwa ndani ya kitengo cha dharura hakutozwi mtu yeyote. Na ukiwa na visa ya wahudumu wa afya kama mama Babu, wewe na familia yako mmesamehewa ile ada ya afya. Visa nyingine nyingi mmeshailipa wakati wa kuomba, tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa mwaka na 776 kwa mtoto. Kwa hiyo usilipe mara mbili kwa kukaa nyumbani na mtoto mgonjwa. Mwandikishe mtoto kwa daktari wa mtaani kwenu wiki hii.

---

MamaBabu_Coventry, Alhamisi saa 3:40 usiku

Nimerudi wapendwa. Mungu awabariki wote, na wewe mzee wangu wa Ilala pia, maana uliyosema ndiyo niliyokuwa nayawaza usiku kucha.

Jumapili usiku nilimsomea mume wangu majibu yenu kabla hajatoka. Alipofika kwa baba wa Muscat akaniomba nirudie. Kumbe na yeye Jumamosi ile ile asubuhi alikuwa amemnyanyua Babu kwa mikono kumpandisha kwenye kochi, kwa furaha kwamba amepona. Nilipomwambia nilimvuta kiasi gani, na kwamba Babu alinisema kwa nesi, hakunilaumu. Aliuliza tu, "Alikuangalia?" Nikamwambia ndiyo. Akavaa koti lake la kazi akakaa pembeni yangu mpaka akachelewa basi la kwanza.

Jumatatu nikapiga kwa daktari. Mapokezi akasema nisubiri simu ya nesi wao, ikaja saa nane nikiwa kazini, nikaingia stoo ya mashuka kuipokea. Nikasema kama dada Nesi alivyonifundisha. Kimya kidogo, nasikia anachapa. Kisha akauliza anautumiaje mkono sasa, anakula, analala? Akaniambia watoto wenye viwiko hivyo anawajua. Akauliza kama nyumbani nina mtu wa kunisaidia asubuhi. Nikasema sina. Akasema ataliandika hilo pia, amwambie muuguzi wa watoto anipigie, si kwa ajili ya mkono, kwa ajili ya asubuhi zangu. Sikulitarajia swali hilo, nikashindwa kuongea kwa muda.

Chekechea nilijaza fomu nikiwa nimesimama. Pale penye "ameumiaje" pana mistari mitatu. Niliandika: "Nilimvuta mkono tukivuka barabara. Kiwiko kiliteguka, hospitali wamekirudisha. Tafadhali asinyanyuliwe kwa mikono." Mwalimu akasoma, akasaini chini, akaenda kubandika kikaratasi ndani ya mlango wa kabati lao. Muuguzi kapiga jana, anakuja wiki ijayo kumtazama Babu; tarehe ya uchunguzi wake wa miaka miwili ilikuwa imeshapita na mimi niliisahau kwa ajili ya shifti.

Mama yangu bado. Nimemweleza ile pete ya ukano, akasema hata huko kwao Wazungu wana namna yao ya kukanda. Kuhusu kumwacha Babu Tanga nimemwambia hapana, na nimemwambia kwa nini: nikimpeleka sasa, ataona amepelekwa kwa sababu alisema. Akanyamaza. Ananiambia basi atakuja yeye. Visa ya kutembea ni kazi nyingine, tutaona.

Na Babu mwenyewe. Jumapili asubuhi, kabla ya yote haya, nilimkalisha juu ya meza ya jikoni nikamwambia, "Ulisema kweli. Mama alivuta. Mama amekosa." Akanitazama, akashika kiwiko changu, akakipuliza kama ninavyompulizia yeye akijigonga.

Dada Nesi, nina swali moja tu limebaki. Koti. Baridi imeshaingia, na asubuhi kumwingiza mkono kwenye koti lile nene ni kuvutana. Jana nilishindwa kabisa, mikono yangu ilikuwa inatetemeka, nikamfunga blanketi juu ya sweta tukaenda hivyo hivyo. Namvalishaje?

---

Nesi_wa_Kisumu, Ijumaa saa 12:30 asubuhi

Mkono wa kushoto uwe wa kwanza kuvaa na wa mwisho kuvua, ndipo koti linakuwa na nafasi. Usimsukume aingize. Wewe pitisha mkono wako kutoka nje ya mkono wa koti, kuanzia penye kiganja, hadi utokee begani. Kikamate kiganja chake chote kwa ulegevu kama mnasalimiana, kiwiko chake kikiwa kimekunjwa, kisha kwa mkono wako wa pili lisogeze koti juu kuelekea kwake. Yeye anabaki pale pale, koti ndilo linalotembea. Na muanze dakika kumi kabla.